Saruji haichoki

Kosa langu la kwanza la maana katika kupanga ratiba lilikuwa na herufi sita. Niliandika "Saruji" kwenye kisanduku cha rasilimali cha Microsoft Project, programu ya kupangia ratiba za miradi, kwenye mstari wa kumwaga zege la msingi wa jengo la kwanza, nikashuka. Mistari michache chini nikaandika tena "Saruji" kwa jengo la pili. Orodha ya rasilimali sikuifungua hata mara moja. Sikujua kwamba programu ikikutana na jina isilolijua hulisajili yenyewe, na kwamba isipoelekezwa vinginevyo humchukulia kila mgeni kuwa ni mtu wa kazi: saa nane kwa siku, nguvu zake asilimia 100, na mapumziko ya mwisho wa wiki kama wenzake.

Majengo yote mawili yalipangiwa zege wiki ileile. Kwa hesabu ya programu, Saruji alikuwa anatakiwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, asilimia 200. Jina lake likageuka jekundu. Mimi kuona wekundu nikajua nimemtwisha mtu mzigo mahali fulani, nikabonyeza kitufe cha kusawazisha, wekundu ukapotea, nikafurahi, nikaituma ratiba. Zege la jengo la pili lilikuwa limesogezwa mbele siku tano, likimsubiri Saruji amalize la kwanza.

Aliyeligundua ni fundi mkuu, mzee ambaye programu yenyewe hajawahi kuigusa. Alishika karatasi, akaufuata mstari kwa kidole mpaka mwisho, kisha akaniuliza bila kuinua macho: "Kijana, hii saruji siku hizi inachoka?"

Sikuwa na jibu. Ila swali lile ndilo lililonifanya nianze kuangalia kwa makini jambo ambalo wapangaji wengi hulipita: ukiitazama ratiba, unajuaje kwamba hiki ni mtu, hiki ni mtambo, hiki ni mifuko ya kitu, na hiki ni fedha tu iliyopewa jina?

Sisi tunaosema Kiswahili tofauti hii tunaibeba mdomoni tangu utotoni. Fundi amechelewa, mtambo umechelewa, saruji imechelewa. Na alama haikai kwenye jina peke yake, inashika kila neno linaloligusa jina hilo: mafundi wale wawili wamefika, mitambo ile miwili imefika. Ukiingia katikati ya mazungumzo, hujalisikia jina, bado unajua wanazungumzia watu au vitu. Programu nayo, siku ile, ilikuwa na ngeli zake. Ilikuwa inasema "Saruji amezidiwa". Ila ilisema kwa namba za ndani, mimi sikuisikia. Tangu hapo ninachotafuta ni upatanisho wa kisarufi wa ratiba: alama inayofuatana na rasilimali popote inapokwenda, hata pale ambapo orodha yenyewe haionekani.

Tuweke msingi kwanza, kwa wale ambao hawajaishi ndani ya programu hizi. Microsoft Project ina aina tatu za rasilimali. Ya kwanza ni ya kazi, yaani chochote kinachohesabiwa kwa muda: watu na mitambo. Ya pili ni vifaa, vinavyohesabiwa kwa kipimo chake: mifuko, tani, lita. Ya tatu ni gharama, ambayo haina saa wala kipimo, ina kiasi tu unachokiandika kwenye kazi husika, kama nauli au ada ya kibali. Vifaa viliingia na toleo la 2000, gharama ikaja na toleo la 2007. Kabla ya hapo kila kitu kilikuwa ni cha kazi, kwa hiyo naamini si mimi peke yangu niliyewahi kuiajiri saruji.

Aina hizi hazikuwekwa ili orodha ipendeze. Zinaamua hesabu. Ukirefusha kazi ya siku tano ikawa kumi kwa kuwa umeona shughuli ni kubwa kuliko ulivyodhani, saa za fundi zinaongezeka na malipo yake yanapanda. Mifuko ya saruji inabaki ileile. Ada ya kibali haitikisiki. Ukisawazisha, ni rasilimali za kazi tu zinazosogeza ratiba. Vifaa na gharama haviwezi "kuzidiwa", kwa hiyo havisogezi kitu. Na hata ndani ya vifaa kuna ujanja wake: dizeli ukiiandikia lita 40 inabaki lita 40, lakini ukiiandikia lita 40 kwa siku, itapanda na kushuka na muda wa kazi kama vile nayo ina mkataba wa ajira. Jina moja, aina moja, tabia mbili.

Sasa, kwenye orodha yenyewe ya rasilimali shida si kubwa. Kuna safu inayosema aina kwa maneno. Lakini hata bila kuisoma hiyo, jicho lililozoea linaona mapengo. Mstari wa mtu umejaa: kiwango cha juu, malipo ya saa, malipo ya muda wa ziada, kalenda. Mstari wa kifaa una mashimo pale pa kiwango cha juu na pale pa muda wa ziada. Mstari wa gharama ni kama mdomo usio na meno. Nimekuja kuipenda alama hii kuliko aikoni yoyote, kwa sababu hakuna aliyeibuni. Inatokana na jinsi kitu chenyewe kilivyo.

Shida inaanza ukiondoka kwenye orodha. Kwenye chati ya Gantt, yaani mchoro unaoonyesha kila kazi kama mhimili mlalo kufuata tarehe, ambako ndiko watu wengi wanaishia, kila mhimili una majina pembeni yake, yametenganishwa kwa mkato, na aina haipo. Haiwezi kuwepo kirahisi, kwa sababu kazi moja inaweza kubeba fundi, pampu, saruji na kibali kwa pamoja. Ukitaka kuupaka mhimili rangi ya aina, utaupaka ipi?

Kuna kitu kidogo pale ambacho kilinichukua muda mrefu kukiona: mabano. Fundi anayefanya kazi nusu siku anaandikwa jina lake, kisha ndani ya mabano ya mraba, 50%. Saruji inaandikwa na idadi na kipimo, mathalani mifuko 80. Gharama inaandikwa na kiasi cha fedha. Asilimia, kipimo, fedha: tayari hizo ni ngeli tatu. Kasoro yake ni kwamba fundi wa asilimia 100 haandikiwi chochote, anabaki jina tupu. Kwa hiyo jina lisilo na mabano ni mtu au mtambo uliochukuliwa mzima. Siku ile ya saruji yangu, kama ningejua kusoma hivyo, ningeshtuka papo hapo: saruji gani hii haina kipimo?

Hilo nililijua baadaye sana. Kabla yake nilipitia kipindi changu cha rangi.

Nadhani kila mpangaji ana kipindi hiki. Nilifungua mipangilio ya mwonekano nikaamua watu wawe buluu, mitambo kahawia, vifaa kijani, gharama njano. Programu haikunipa njia ya moja kwa moja, maana mitindo ya maandishi inakuruhusu kubadili rasilimali zilizozidiwa, zisizozidiwa, vichwa vya safu na kadhalika, lakini hakuna kipengele cha kusema "vifaa vyote viwe kijani". Nikapita mlango wa nyuma: kichujio kinachoangazia badala ya kuficha, halafu mtindo wa maandishi kwa vilivyoangaziwa. Kinaangazia aina moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo nyingine nilizipaka kwa mkono, mstari kwa mstari. Usiku mzima. Ilipendeza kweli.

Wiki iliyofuata nilipanga orodha upya, nikaongeza rasilimali kumi na mbili, na hizo mpya hazikuwa na rangi yoyote. Mbili nilizobadilisha aina zilibaki na rangi ya zamani. Rangi ya mkono haijui kilichobadilika chini yake. Inaendelea kusema ilichoambiwa siku ile, kwa kujiamini kabisa.

Kisha ikaja karatasi. Ofisi ya eneo la ujenzi ilikuwa na printa ya rangi moja, nyeusi. Buluu, kahawia na kijani vyote vilitoka kijivu, na njano haikutoka kabisa, gharama zikawa hazipo. Na mwenzangu mmoja wa upande wa ununuzi, tuliyekuwa tumefanya naye kazi muda mrefu, akaniambia kwa upole kwamba kijani changu na kahawia changu kwake ni kitu kimoja. Hajawahi kusema kwa sababu alikuwa amezoea kukariri mpangilio wa mistari. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mmoja kati ya 12 ana upungufu wa aina hii. Kwa wanawake ni nadra zaidi, kama mmoja kati ya 200. Ndiyo maana mwongozo wa ufikivu wa W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, unaofahamika kwa kifupi WCAG, una kigezo namba 1.4.1 kinachosema rangi isiwe njia pekee ya kufikisha habari. Nilikuwa nimekisoma kigezo hicho, nikakiona ni cha watu wa tovuti.

Lakini hoja yangu kubwa dhidi ya rangi si upofu wa rangi wala printa. Ni kwamba rangi ina kazi nyingine. Mwaka 1967 mchoraji ramani Mfaransa Jacques Bertin alichapisha kazi yake kuhusu alama za michoro, akazipanga: mahali, ukubwa, weusi na weupe, umbile la uso, rangi, mwelekeo, umbo. Alichosema kuhusu rangi na umbo ndicho kinachonihusu. Rangi hujitenga yenyewe, ukitazama ukurasa unaona nyekundu zote kwa pamoja bila kuzitafuta. Umbo halifanyi hivyo. Pembetatu katikati ya miraba na duara inabidi uisake moja moja. Mwaka 1980 Anne Treisman na Garry Gelade waliliendeleza kwa majaribio ya kisaikolojia: kitu kinachotofautiana kwa sifa moja tu kinaruka chenyewe machoni, lakini kinachotambulika kwa sifa mbili zilizounganika, mfano chenye rangi fulani na pia umbo fulani, kinahitaji utafutaji, na kadiri vitu vinavyoongezeka ndivyo muda unavyorefuka.

Mtu anaweza kusoma hayo akasema, basi tumia rangi kwa aina, si ndiyo inaruka? Mimi nimesoma kinyume. Rangi ndiyo sauti kubwa kuliko zote ukurasani, na kelele inapaswa kuwekewa jambo la kupigiwa kelele. Kwamba saruji ni kifaa si habari, ilikuwa kifaa jana na itakuwa kifaa kesho. Kwamba fundi nondo amepangiwa asilimia 150 wiki ijayo, hiyo ndiyo habari, na programu tayari imeichagulia nyekundu. Ukizijaza rangi nne nyingine pembeni, nyekundu ile inakuwa rangi ya tano. Na ukitaka kujua "mtambo gani umezidiwa", umejilazimisha kutafuta sifa mbili kwa pamoja, kazi ileile Treisman na Gelade waliyoonyesha kuwa ni ya polepole.

Basi aina ipewe nini? Kwanza mahali. Hili ni jepesi mno kiasi kwamba watu hawalioni kuwa ni alama. Panga orodha kwa makundi kufuata aina, watu juu, mitambo, vifaa, gharama chini, na jicho halihitaji tena kusoma aina, linajua liko mtaa gani. Nyekundu ikitokea katika mtaa wa mitambo, swali limejibiwa. Na ikitokea nyekundu katika mtaa wa vifaa, ujue kuna kitu kimeharibika, kwa sababu vifaa havizidiwi.

Aikoni nilizijaribu pia. Kwenye Project unaweza kutengeneza safu yako yenye fomula inayosoma aina, ambayo ndani ni namba, 0 kwa kazi, 1 kwa vifaa, 2 kwa gharama, kisha ukaiamuru ionyeshe picha badala ya maandishi. Hii angalau haidanganyi kama rangi ya mkono: ukibadili aina, picha inabadilika yenyewe. Picha zenyewe ni za kuchagua kutoka zilizopo, huwezi kuleta zako, kwa hiyo utaishia na duara na bendera na nyuso, na itabidi umweleze kila mgeni kwamba bendera maana yake ni vifaa. Kwenye programu zinazokuruhusu kuchora zako, nimeona watu wakiuchorea mtambo gurudumu lenye meno. Usifanye hivyo. Gurudumu lenye meno kila mtu analijua kuwa ni mahali pa mipangilio, atalibofya.

Hatimaye nilirudi kwenye kitu cha kizee kabisa: herufi mbele ya jina. Kiambishi, ukipenda. Jina ndilo kitu pekee kinachosafiri kila mahali. Linaenda kwenye chati, kwenye ripoti, kwenye faili unalolituma kwa mhasibu, kwenye karatasi ya kijivu ukutani. Aikoni inabaki nyumbani, rangi inafia njiani, jina linafika. Wala si uvumbuzi wangu. Kwenye kitabu cha Wallace Clark cha 1922 kuhusu chati za Gantt, mashine iliposimama iliandikwa herufi kueleza kwa nini: M kwa kukosa malighafi, T kwa shida ya zana, R kwa matengenezo. Walichora kwa wino kwenye karatasi, wakaona herufi inatosha.

Jaribio la kwanza lilikataliwa. Niliandika herufi ndani ya mabano ya mraba, programu ikagoma, kwa sababu mabano yale ni yake kwa ajili ya asilimia na vipimo, kama vile mkato ulivyo wake kwa ajili ya kutenganisha majina. Nikatumia kistari. W-Fundi nondo. M-Pampu ya zege. V-Saruji. F-Ada ya kibali. Watu, mitambo, vifaa, fedha.

Ilidumu mpaka kikao cha kwanza. Karatasi ilikuwa katikati ya meza, nusu yetu tukiisoma kichwa chini miguu juu, na W ya upande huu ikawa M ya upande ule. Mtu akauliza kwa nini pampu ya zege inalipwa posho ya chakula. Nikabadili, mitambo ikawa T. Kisha ikaja ya alfabeti: orodha ikijipanga yenyewe, fedha inatangulia na watu wanakuwa mwisho kabisa, chini ya mchanga na kokoto. Mzee hakulipenda. "Watu mmewaweka chini ya kokoto," alisema, na sidhani alikuwa anatania. Nikaongeza namba mbele ya herufi, 1W, 2T, 3V, 4F, na ingawa inaonekana kama namba za usajili wa pikipiki, inafanya kazi.

Fomula sikuitupa. Niliigeuza kuwa mlinzi: inasoma herufi iliyo kwenye jina na kuilinganisha na aina iliyo ndani, na visipokubaliana inaonyesha alama moja tu, nyekundu. Jina la 3V ambalo ndani ni la kazi linawaka. Kwa njia hiyo, saruji yangu ya zamani isingefika mbali.

Kimebaki kitu kimoja ambacho bado kinanisumbua, na kinatokana na mpaka ambao programu na macho ya watu hawakubaliani. Kwa Project, mtu na mtambo ni aina moja, kwa kuwa vyote vinahesabiwa kwa saa. Primavera P6, programu nyingine ya kupanga ratiba, imevitenga, ina nguvukazi, kisichokuwa nguvukazi, na malighafi. Mimi nimevitenga kwa kiambishi tu, kwa kuwa anayesoma ratiba hulitaka hilo kabla ya kitu kingine: mtu anahitaji likizo, mtambo unahitaji matengenezo, na kuvipanga Jumapili ni maamuzi mawili tofauti kabisa. Programu ikiviona sawa, sioni kwa nini msomaji alazimike.

Ila kuna kreni. Kreni ya kukodi huja na mwendeshaji wake, ankara moja, mkataba mmoja, na kwenye orodha ni mstari mmoja: 2T-Kreni. Mwezi uliopita mwendeshaji aliumwa siku mbili. Kreni ilikuwapo, imesimama, nzima. Kwenye ratiba nikaandika kwamba 2T-Kreni haipatikani, sababu, ugonjwa. Mzee akaishika karatasi, akaufuata mstari kwa kidole.

"Kijana," akaanza.

"Najua, mzee," nikamjibu. "Najua."